Mtangazaji wa Mpira Kati ya Bagika na Bagalu

Nilipomsikia Nurudin Bashiru kwa mara ya kwanza nilimkadiria vibaya. Nilikuwa kwa kinyozi pale Igoma, nusu ya kichwa imeshanyolewa, na redio ilikuwa ikitangaza mechi ya timu mbili ambazo hata kinyozi hakuzijua. Sauti ile ilikimbia bila kupumua. Ikapanda, ikashuka, ikamtania mlinda mlango, ikamwombea msamaha refa, na kinyozi akazima mashine yake ili asikie kona inavyopigwa. Nikajisemea moyoni kwamba huyo ni mtu asiyejua woga. Nimesoma hadi chuo kikuu na nimezoea kudhani kwamba naweza kumpima mtu kwa maneno yake. Kipimo hicho kilinidanganya. Nurudin alisema vile kwa sababu alikuwa anaogopa, na alichokiogopa ni kimya.

Kwao ni hapo hapo Igoma. Babu yake alikuja kutoka Tabora na mizigo ya nguo, akaoa Mwanza na hakurudi. Baba yake, mzee Bashiru, akawa fundi bati, akigonga madebe kutwa nzima kuyageuza majiko na makarai, huku amezungukwa na wachomelea vyuma na wanyoosha bodi za magari. Katika nyumba ile mtoto asiyepaza sauti hakusikika hata akiomba maji. Nyundo zikinyamaza, watu waliinua vichwa: ama muda wa sala umefika, ama kuna jambo. Nurudin alikuwa darasa la sita siku nyundo ya baba yake iliponyamaza katikati ya asubuhi, na haikuwa saa ya sala. Tangu hapo, anavyosema mkewe Safia, kimya kikirefuka kidogo tu mbele za watu, yeye hutafuta la kusema. Nyumbani ni kinyume: huko hukaa kama mgeni na kumwachia Safia na watoto kelele zote.

Redio iliyomwajiri ni ndogo, ina vyumba vitatu ghorofani, na mkuu wake wa vipindi ni Paskazia, mama wa makamo ambaye hapandishi sauti hata akikasirika. Alimpa Nurudin michezo kwa sababu hakumpata mwingine anayeweza kuzungumza muda wote wa mechi bila kuomba maji. Hakujua bado kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuendelea kuzungumza hata mechi ikiwa haipo.

Hilo lilijulikana kwenye mechi moja ya mchangani, ufukweni. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaotoka majini kwa mamilioni na kusimama angani kama moshi, waliingia uwanjani muda mfupi baada ya mapumziko. Refa akasimamisha mchezo. Wachezaji wakavua fulana, wakajifunika nyuso, wakalala chini. Nurudin hakuona kitu. Angeweza kusema kwamba haoni. Ingekuwa habari ya kweli na tena ya kuvutia. Badala yake, akiwa amefumba macho na kutema wadudu kila baada ya sentensi, aliendelea na mechi. Akampa mpira winga wa kulia, akamwangusha, akatoa faulo, akamwonya beki, na wadudu walipotawanyika alikuwa ameshafunga bao moja zuri sana la kichwa. Mfungaji wa bao hilo alikutwa amelala pembeni na taulo usoni. Kwa wiki nzima watu walimpongeza sokoni, na mwisho akaacha kukanusha.

Watu walicheka, na Paskazia naye alicheka kidogo. Kosa la pili halikumchekesha mtu. Yalikuwa mashindano ya kupiga kasia upande wa Kigongo. Nurudin aliuona mtumbwi ukitangulia wenzake kwa mbali, wanaume wakipiga kasia kama wana pumzi moja, akausindikiza kwa maneno matamu mpaka ukapita mstari, akautangaza mshindi kwa Mwanza nzima. Mtumbwi ule haukuwa kwenye mashindano. Ulikuwa wa wachuuzi wa dagaa waliokuwa wakiwahi wanunuzi, na walipiga kasia vile kwa sababu mvua ilikuwa inawajia kwa nyuma. Washindi wenyewe walipofika walikuta watu wameshaanza kutawanyika. Siku iliyofuata kijiji chao kilikuja redioni kwenye lori, na kila mmoja alikuwa na kasia lake mkononi.

Paskazia aliwasikiliza wote, akawaagizia soda, akawasindikiza hadi chini. Aliporudi alimwita Nurudin. Alimwambia kwamba ana nafasi moja iliyobaki. Lalamiko moja tena kwamba amepotosha mashindano ya watu, atahamia matangazo ya vifo.

Kwa mtu wa nje adhabu hiyo inaweza kuonekana ndogo. Nurudin aliijua kwa karibu. Katika chumba cha mwisho cha studio alikaa Revocatus, ambaye zamani uwanja wote wa Kirumba ulisimama kwa sauti yake, na ambaye sasa kila jioni alisoma majina ya marehemu, ya wafiwa na ya mahali pa mazishi. Mazoea hayakumtoka. Wakati mwingine, akifika penye maneno "mazishi yatafanyika", sauti ilimpanda kana kwamba kona inapigwa; kisha akakumbuka na kuishusha. Vijana wa studio walicheka nje ya mlango. Nurudin hakuweza kucheka. Alimwona Revocatus akimaliza kusoma na kubaki amekaa mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, asiondoke, asiseme, na akaona wazi kwamba kiti kile ndicho anachowekewa yeye.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa msimu wa ngoma ulipofika.

Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine nitasema kwa ufupi. Baada ya mavuno Wasukuma hucheza, na wachezaji wao tangu zamani wamegawanyika pande mbili: Bagika na Bagalu. Kila upande una ngoma zake, manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, na dawa zake. Mwaka huo kijiji kimoja mbele ya Kisesa, si mbali na Bujora, kiliiomba redio itangaze mashindano yao moja kwa moja. Mtangazaji wa vipindi vya utamaduni alikuwa amepoteza sauti kwa mafua. Paskazia akamwambia Nurudin kwamba mashindano ni mashindano, na kwamba yeye ndiye mtu wa mashindano.

Nurudin alizaliwa Mwanza, lakini Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu, na hata siku ile alifika mchana akawasalimu wazee kwa salamu ya asubuhi. Walimwitikia kwa heshima na kumpandisha kwenye tela la trekta lililoegeshwa katikati ya uwanja. Upande wa mashariki walikuwa Bagika wakipasha ngoma zao moto. Upande wa magharibi, Bagalu. Fundi mitambo aliyekuja naye, binti mmoja makini aitwaye Odeta, akaanza kuunganisha nyaya. Nurudin, aliyekuwa amekula kiapo kwamba safari hii hatapotosha kitu, alimfuata mwenyekiti wa kamati akamuuliza refa ni nani.

"Watu wenyewe," mwenyekiti akajibu.

Nurudin alidhani ni adabu ya wenyeji. Mjini nako kila kiongozi wa timu husema mashabiki ndio kila kitu. Akashukuru, akavaa hedifoni zake kubwa zinazoziba masikio yote mawili, akaanza kazi.

Na kazi aliifanya. Hakuijua ngoma, basi aliitangaza kama mpira. Pande zote mbili zilianza kwa wakati mmoja, kama ilivyo desturi, naye akageuza shingo huku na huku kama anayefuata mechi mbili. Manju wa Bagika, mzee Shimba, aliingia na sanamu ya fisi ya mbao inayofungua na kufunga mdomo kwa kamba. Nurudin akampenda fisi yule papo hapo. Akasema fisi anapanda taratibu kutokea pembeni, fisi anamtoka mtu wa kwanza, fisi anaingia eneo la hatari. Akaona watu wa katikati wanainuka na kukimbilia mashariki. Akafurahi, akalitangaza na hilo: umati wote unahamia kwa Bagika. Na waliosalia nao wakahama.

Kisha akageukia magharibi, ambako vijana wa Bagalu walikuwa wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mkono mmoja, akasema hakuna mlinda mlango Mwanza hii mwenye mikono kama hiyo. Watu wakageuka. Akina mama walifunga watoto mgongoni wakakimbia kuvuka uwanja. Mwuza maandazi akahamisha karai lake kichwani bila kusimamisha mauzo. Nurudin alikuwa hajawahi kuona mashabiki wa aina hii. Akarudi kwa fisi. Mashabiki wakarudi kwa fisi.

Odeta alimvuta shati. Akamwashiria asubiri. Odeta akamvuta tena, kwa nguvu, na alipoinama kumtazama alimwona mzee mmoja mrefu, jasho likimtiririka, pembe ya mnyama ikining'inia shingoni, akipanda tela kwa kukanyaga gurudumu. Alikuwa Ngosha, manju wa Bagalu, ameacha ngoma yake ikichezwa nyuma yake bila yeye.

"Shikamoo, mzee," Nurudin akasema, na redio nzima ikasikia.

"Marahaba. Shuka."

"Mzee, tuko hewani."

"Mimi nakuona uko juu ya tela. Shuka, kijana. Bagika wamekupa nini?"

Nurudin alivua hedifoni ili asikie vizuri, na jambo la kwanza alilosikia ni mtu akihema kutoka kwenye miti. Alikuwa ni yeye mwenyewe. Kamati ilikuwa imefunga redio kwenye spika mbili kubwa zilizotundikwa mitini, moja kila upande wa uwanja, kwa kuona fahari kwamba kijiji chao kinatangazwa. Kila neno alilosema tangu mwanzo lilikuwa limeanguka juu ya vichwa vya watu aliokuwa akiwasimulia.

Alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Ngosha akamweleza kwa sauti ya chini, kama anavyoelezwa mtoto wa mwenzako ambaye huna ruhusa ya kumchapa. Hapa hakuna refa wa filimbi wala alama za kujumlisha. Jua likigusa kilima, pembe italia. Pembe ikilia kila mtu anasimama alipo, na wazee watatazama upande gani una watu wengi. Huo ndio ushindi. Hakuna mwingine.

"Mwaka mzima tunalala porini kutafuta dawa ya kuvuta watu," Ngosha akamaliza. "Wewe umekuja na mdomo tu."

Nurudin alitazama uwanja, na safari hii aliuona. Karibu umati wote ulikuwa mashariki, kwa Bagika, kwa sababu fisi ndiye aliyemsimulia mwisho. Jua lilikuwa limeshashuka kiasi cha kuonekana chini ya matawi. Akilini aliona lori jingine likipanda ngazi za redio, safari hii limejaa majembe. Akamwomba Odeta akimbie wazime spika.

Spika zilizimwa, na mambo yakawa mabaya zaidi. Nusu ya watu pale walikuwa na redio ndogo au simu zenye redio, na ambao hawakuwa nazo waliwafuata waliokuwa nazo. Sasa mtu mmoja mwenye redio sikioni akitembea, watu wengi walikwenda nyuma yake bila kujua kwa nini, na wengine nyuma ya hao. Nurudin akaamua kusawazisha. Alidhani ni hesabu rahisi: sentensi moja ya mashariki, sentensi moja ya magharibi, zenye uzito ule ule. Akampunguzia fisi sifa. Akaongezea majembe sifa, akaona ameyaongezea mno, akalitaja jembe moja lililoanguka, akamwona kijana aliyeliangusha akimtazama kwa uchungu, akamtetea. Umati ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, vumbi likasimama. Mzee mmoja mwenye kigoda akachoka, akakiweka kigoda chake chini katikati ya uwanja na kukaa hapo hapo. Wengine wakaona ana akili. Wakasimama naye, wakainua nyuso, wakamtazama mtangazaji.

Ikaanza kwa watu wachache. Halafu wakawa wengi, maana mtu akiona watu wamesimama huja kutazama wanachotazama. Walilizunguka tela kutoka pande zote nne. Walimwangalia Nurudin akitokwa jasho, akigeuza shingo, akipiga viganja vyake kwenye mapaja, na walikuwa wanafurahi kweli kweli. Mama mmoja akamnyanyua mtoto wake amwone. Huko pembeni, ngoma za Bagika zilimpigia mzee Shimba na fisi wake mbele ya watu wasiozidi ndugu zao. Ngoma za Bagalu hali kadhalika. Umati mkubwa kuliko wote ulikuwa wa redio.

Shimba alikuja na vijana wake, fisi wa mbao kwapani. Ngosha alikuwa bado amekaa ukingoni mwa tela. Mahasimu wale wawili, ambao desturi haiwaruhusu hata kupeana mikono msimu wa ngoma, walitazamana, kisha wakamtazama Nurudin kwa pamoja.

"Pembe ikilia sasa hivi mshindi ni huyu," Shimba akasema.

"Nimeshaona," Ngosha akajibu.

"Ana dawa ya wapi?"

"Wa Tabora kwa asili. Mwenyekiti ameniambia."

"Basi ndiyo maana."

Vijana wa Shimba waliukamata mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye trekta. Mmoja akautaka mfuko wa Nurudin uchunguzwe. Vijana wa Bagalu nao wakafika, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pande zile mbili zikakubaliana jambo. Tela likatikisika. Nurudin alishika ukingo kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine, na ulimi wake, kwa mazoea, ukaanza kuwatangazia wasikilizaji kwamba tela linatikisika. Watu wakasogea karibu zaidi ili waone.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna sentensi itakayomtoa. Angeomba radhi, wangekuja kusikiliza radhi. Angewafukuza, wangekuja kuona anavyofukuza. Kulikuwa na njia moja, naye aliijua kabla hajataka kuijua. Odeta, aliyekuwa amerudi na kupanda kwa shida, aliisoma usoni mwake.

"Kaka Nuru, usithubutu," akamwambia. "Ukinyamaza, Nestory kule studio ataweka wimbo. Ndiyo amri ya dada Paskazia. Ukiwekewa wimbo leo, Jumatatu uko na Revocatus."

"Najua."

"Basi sema chochote."

"Chochote ndicho kilichotufikisha hapa."

Alikisogeza kipaza sauti mdomoni. 

"Wasikilizaji," akasema, "anayeharibu mashindano haya ni mimi. Nanyamaza mpaka pembe ilie. Sikilizeni ngoma."

Akakiinua kipaza sauti juu ya kichwa chake, katikati, kisielekee mashariki wala magharibi, na akafunga mdomo.

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Watu walisubiri. Mwenye redio aliitikisa; mwingine akatoa betri akazisugua kwenye suruali na kuzirudisha. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma kwamba aendelee. Kijana mmoja akasema amemezwa ulimi na dawa yake mwenyewe, watu wakacheka, na kicheko kikaisha, na Nurudin bado alikuwa amesimama na mkono juu. Alikuwa amevaa hedifoni upande mmoja, na kwa sikio hilo aliisikiliza redio yake mwenyewe. Zilikuwa zinasikika ngoma tu, kutoka mbali. Kila zilipopungua kidogo moyo wake ulishuka, akijua sasa wimbo utaingia. Hakuna kitu alichokitaka duniani wakati ule kama kusema neno moja. Maneno yalimjaa. Aliyaona majembe yakipanda na kung'aa kwa jua la mwisho, akapata sentensi ambayo angeikumbuka maisha yake yote, na akaiacha ipite.

Mzee mwenye kigoda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Alikinyanyua kigoda chake, akasimama kidogo akisikiliza huku na huku, halafu akatembea taratibu kuelekea magharibi. Watu wakaanza kufumuka kama uzi. Hawakukimbia tena. Walisimama, wakapima, wakaenda. Wengine mashariki, wengine magharibi, na Shimba, ambaye kama manju angepaswa kuwa ameshakimbilia kwa watu wake, alibaki chini ya tela akiwahesabu wanaompita kwa macho. Kabla spika hazijazimwa karibu umati wote ulikuwa wake. Sasa ulikuwa unagawanyika mbele yake.

"Kijana," akasema, polepole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo. "Fisi wangu hujamaliza kumsimulia."

Nurudin akatikisa kichwa.

"Neno moja tu. Walimpenda."

Odeta aliona machozi yakimtoka Nurudin, na hakujua kama ni vumbi. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi. Shimba akainama, akamfunga fisi wake mdomo kwa kamba, akaondoka kwenda kwa ngoma yake.

Pembe ikalia. Watu wakasimama walipo, mmoja akiwa ameinua mguu mmoja na akikataa kuushusha. Wazee waliuzunguka uwanja, wakateta, wakauzunguka tena. Bagalu walikuwa wameshinda, kwa tofauti ya watu ambao wangetosha kujaza nyumba moja ya udongo. Nurudin akalitangaza hilo kwa sauti iliyopasuka, kwa maneno machache kuliko aliyowahi kutumia kutangaza chochote, akaagana na wasikilizaji. Mshindi hakumshukuru. Ngosha alipopita alimwambia tu kwamba amewachelewesha. Kama angefunga mdomo mapema wangeshinda vizuri zaidi.

Njiani kurudi mjini simu ya Odeta iliita mfululizo. Studio walikuwa wanapokea malalamiko. Bagika walisema mtangazaji amewanyang'anya ushindi kwa kunyamaza. Bagalu walisema amewapunja kwa kusema. Na watu wa Nyakato, ambao hawakuwa upande wowote, waliuliza kama redio imeharibika. Nurudin alisikiliza yote akiwa ameegemeza kichwa dirishani. Nyumbani alimweleza Safia kila kitu, kwa kirefu, mpaka Safia akaogopa, kwa sababu hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo pale sebuleni.

Jumatatu alikwenda kazini mapema na kupitia kwanza chumba cha Revocatus. Alimuuliza kama majina ya marehemu huletwa asubuhi au jioni. Revocatus alimwambia jioni, na kwamba kiti kile kina msumari upande wa kushoto.

Paskazia alikuwa mezani, miwani usoni. Hakumwambia akae. Alimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Niliogopa," Nurudin akasema.

"Kupigwa?"

"Hapana, dada. Kushinda."

Paskazia alivua miwani. Alisema malalamiko yamekuja mengi, na yametoka pande zote. Alisema alimwahidi lalamiko moja, na yeye si mtu wa kurudi nyuma kwa neno lake. Lakini neno lake lilikuwa juu ya kupotosha mashindano, na tangu Jumamosi amekuwa akitafuta mtu wa kumwambia ni sehemu gani ya ule ukimya ilipotosha. Hajampata. Kisha akarudisha miwani na kumwambia kwamba Jumamosi inayokuja kuna mechi Nyamagana, aende mapema, na ahakikishe timu zote mbili zimo uwanjani kabla hajaanza.

Nurudin alishuka ngazi akidhani ameokolewa na bahati: kwamba siku ile Nestory alisinzia, au swichi ilikwama, ndiyo maana wimbo haukuingia. Anadhani hivyo hadi leo, na hata mimi nilipoanza kuandika maisha yake nilikuwa nimeandika hivyo hivyo.

Nestory ndiye aliyenieleza, baada ya Paskazia kwenda likizo. Hakuwa amesinzia. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya wimbo, na Paskazia, aliyekuwa amesimama nyuma yake tangu mwanzo wa matangazo, alimwambia akitoe. Shimba ni mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyemlea kule Kisesa, na katika ngoma yake Paskazia alicheza tangu utotoni mpaka alipoolewa. Wakati Nurudin amesimama juu ya tela na mkono hewani, simu ya Paskazia iliita, na Nestory akaliona jina la mjomba kwenye kioo. Paskazia aliitazama ikiita, akailaza kifudifudi juu ya meza. Ikakatika, ikaanza tena, na hakuipokea mpaka pembe ilipolia.